Nimwandaeje binti yangu wa miaka 10 kabla hajavunja ungo, ilhali mamake yuko Doha?

Baba_wa_Kisauni

Assalaam aleikum, ndugu na dada zangu. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Kisauni, na kazi yangu ni ya zamu pale bandarini Kilindini. Mke wangu yuko Doha kwa mkataba wa kazi na tunatarajia arudi mwakani. Watoto nawalea mimi pamoja na mama yangu mzazi, ambaye umri umemwendea na magoti hayamruhusu tena kutoka nyumbani kila mara.

Binti yetu mkubwa ametimiza miaka 10 na miezi michache, naye yuko Gredi ya 5. Mwezi uliopita alianza kulalamika kwamba ana uvimbe mdogo unaouma chini ya chuchu ya kushoto, na mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani amepigwa kiwiko na nduguye katika michezo yao. Nilikuwa nishavaa viatu nimpeleke zahanati, mama akacheka na kuniambia, "Keti chini, mwanangu, huyo anachipua." Ndipo nikaanza kuyaunganisha mambo niliyokuwa nikiyaona bila kuyatambua: sare aliyoshonewa Januari imeshapanda juu ya magoti, akirudi chuoni (madrasani) jioni kwapa zake zanuka jasho la mtu mzima, na mlango wa chumba chao, uliokuwa wazi saa zote, siku hizi hufungwa.

Mama asema kwamba mambo haya ni ya wanawake, nisiyaingilie, na siku ikifika atatafutwa somo, yaani mwanamke mlezi, wa kumfunda. Si kawaida yangu kumpinga mama. Hata hivyo namkumbuka dada yangu, aliyevunja ungo akiwa shuleni bila ya kuambiwa neno na yeyote, akajifungia chooni tangu kipindi cha pili hadi kengele ya kwenda nyumbani, akiamini kwamba kuna kitu kimepasuka tumboni mwake na kwamba atakufa. Alinisimulia mwenyewe tulipokuwa watu wazima, na hakuwa akicheka. Sipendi binti yangu ayapitie hayo kwa sababu tu mamake yuko ng'ambo na babake aliona haya.

Naomba mnisaidie kujua nina muda kiasi gani, nini nimwambie mimi mwenyewe na nini nimwachie mwanamke, na zaidi ya yote, mambo gani nisiyafanye.

Nesi_Mstaafu

Wa aleikum salaam, mwanangu. Nimekuwa muuguzi katika zahanati za mji huu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kina baba walioniuliza swali kama lako nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Muda unao, lakini si mwingi. Ule uvimbe mgumu kama kifungo cha shati chini ya ngozi ndio dalili ya kwanza kwa wasichana wengi, na huanza wakati wowote kati ya miaka 8 na 13. Aghalabu huanza upande mmoja, na wa pili hufuata baada ya wiki au miezi kadhaa, kwa hivyo usiogope ukisikia kwamba upande wa kulia bado. Usikubali mtu yeyote akaukanda, akauminya au kuuwekea kitu cha moto. Chanzo cha yote ni tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo na isiyozidi ukubwa wa punje ya njegere. Hiyo hutuma homoni kwenye ovari (vifuko vya mayai ya uzazi), nazo ovari huanza kutoa estrojeni, homoni ya kike, na hapo mwili mzima huanza kufanya kazi kwa ratiba mpya.

Tangu titi kuchipua hadi damu ya kwanza kuonekana, kwa kawaida hupita miaka 2 hadi 2 na nusu, ingawa wako ambao huchukua muda mfupi zaidi. Katika kipindi hicho utaona nywele za kwapa (za kinena hutaziona wewe, na ndivyo ipasavyo), chunusi usoni, nyonga kupanuka, na kimo kukimbia kuliko wakati mwingine wowote tangu alipokuwa mtoto mchanga. Msichana hurefuka kwa kasi zaidi kabla ya kuvunja ungo, na baada ya hapo huongeza sentimita chache tu. Miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza huanza kuona ute mweupe kwenye chupi, usiowasha wala kunuka vibaya. Wasichana wengi hudhani ute huo ni ugonjwa au uchafu na huuficha, ilhali ndiyo kengele inayowaambia kwamba siku inakaribia.

Jambo jingine ambalo hata kina mama huwa hawalisemi ni kwamba damu ya kwanza mara nyingi haifanani na damu. Huja kama doa la kahawia, rangi ya kutu, na msichana aliyeambiwa kwamba atatokwa na damu hutazama doa lile asilitambue. Mwambieni hivyo. Mwambieni pia kwamba hedhi huchukua siku 2 hadi 7, kwamba damu yote inayotoka kwa mwezi mmoja ni kiasi cha vijiko 2 au 3 vya mezani hata kama machoni yaonekana kama ndoo, na kwamba katika miaka ya mwanzo inaweza kuja baada ya siku 21 au 45, au iruke mwezi, bila ya kuwa na ubaya. Anunuliwe kalenda ndogo aweke alama mwenyewe.

Daktari aonwe ikiwa matiti yanaanza kabla ya miaka 8, au hayajaanza kabisa kufikia miaka 13, au hedhi haijaonekana kufikia miaka 15. Baada ya kuanza, daktari aonwe ikiwa pedi yalowa chepechepe kila saa moja au mbili, ikiwa damu yapita siku 7, ikiwa hedhi imekatika kwa zaidi ya miezi 3, au ikiwa maumivu yamfanya akose shule kila mwezi. Maumivu ya kawaida hutulizwa kwa chupa ya maji moto chini ya kitovu na dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake, lakini mtoto asipewe asprini.

Na kwa kuwa yuko miaka 10, ulizia zahanati chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Ilizinduliwa nchini hapa hapa Mombasa mnamo Oktoba 2019, na wasichana wa miaka 10 ndio waliolengwa hasa.

Mzee_wa_Bondeni

Ndugu yangu, sikulaumu, maana nia yako ni njema. Hata hivyo nasema ukweli wangu: baba ana heshima yake nyumbani, na heshima hiyo imejengwa juu ya mambo asiyoyataja. Ukianza kutaja hedhi mbele ya bintiyo, utakuwa umeubomoa ukuta ambao hutaweza kuujenga tena. Mpeleke kwa shangazi yake, nawe ulipe gharama.

Bint_Kibokoni

Mzee wangu, shikamoo. Nafundisha wasichana chuoni huku Mji wa Kale, na nimeusoma mchango wako mara mbili kwa sababu ndani yake mna ukweli ambao vijana huudharau. Wazee wetu hawakuwa wajinga walipomtenga mzazi na mafunzo haya. Binti alipobaleghe alikabidhiwa somo, au kungwi kama wengine wanavyomwita, naye hakuwa mamake, kwa sababu ilijulikana kwamba baina ya mama na binti yake huwa kuna haya inayozuia maswali. Somo aliulizwa yote. Alimfundisha binti namna ya kujisitiri, kufua, kuoga na kuhesabu siku zake, na akaendelea kuwa wake hata baada ya ndoa. Katika nyumba kubwa za mji huu, binti aliyebaleghe alitawishwa ndani, na huyo somo ndiye aliyekuwa dirisha lake.

Lakini tuangalie kilichobadilika. Mpango ule ulianza kazi baada ya damu kuonekana, na uliwezekana kwa sababu binti alikuwa nyumbani, amezungukwa na wanawake wa mtaa mzima. Leo binti wa miaka 11 yuko darasani tangu asubuhi, chuoni hadi magharibi, na somo, kama yupo, amehamia Mtwapa. Damu humkuta akiwa peke yake kwenye tuktuk. Somo atafutwe, nami naunga mkono jambo hilo kwa moyo wote, ila atafutwe sasa, wala isingojwe siku yenyewe.

Kuhusu baba kutaja hedhi, Bi Aisha, mke wa Mtume, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari (wenyeji Waislamu wa Madina) kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao, na maswali yao yalikuwa yakiulizwa kwa Mtume mwenyewe, rehema na amani zimshukie. Mafakihi wetu (wanazuoni wa sheria za dini), ambao ni wanaume, wameandika milango mizima juu ya hedhi. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa Pwani twayafuata, damu haihesabiwi kuwa hedhi kabla ya msichana kukaribia miaka 9 ya mwezi mwandamo, ambayo ni miaka 8 na karibu miezi 9 kwa kalenda ya ukutani. Uchache wake ni usiku mmoja na mchana wake, na wingi wake ni siku 15. Ukiilinganisha hesabu hii na aliyoyasema mama yetu nesi, utaona kwamba hawako mbali. Nami naongeza tahadhari moja: sheria kuita damu hedhi mpaka siku ya 15 ni kwa ajili ya sala na saumu, si hukumu ya afya, kwa hivyo damu ikipita siku 7 apelekwe kwa daktari.

Yapo mambo ambayo binti lazima ayajue kabla ya siku yenyewe, kwa sababu yatamfika ghafla: kwamba tangu damu hiyo ya kwanza ameandikiwa faradhi, kwamba akiwa na hedhi hasali wala hafungi, kwamba siku za saumu atazilipa ilhali sala hazilipwi, na namna ya kuoga josho damu ikikatika. Wako mabinti walionijia wakilia kwa kuwa walifunga Ramadhani nzima na hedhi yao wakiogopa kumwambia mtu, na wengine walikuwa wakienda kusimama safuni na mama zao wakijua hawana sala. Ikiwa huna mwanamke wa karibu, mlete kwangu au kwa mwalimu wake wa chuoni, lakini usimlete na kuondoka bila ya kumwambia yeye kwa nini unamleta.

Mwalimu_wa_Gredi_6

Naongeza ya shuleni, kwa sababu huko ndiko yanakomtokea.

Mnamo 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili serikali iwape sodo (pedi) bila malipo wasichana waliobaleghe wanaosoma katika shule za umma, na kabla ya hapo, tangu 2004, Kenya ilikuwa imeondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye sodo. Hayo ni mazuri. Hata hivyo sheria haisemi katoni itafika wiki gani, na hedhi haingoji katoni. Shule niliyofundisha awali ilikuwa na choo cha wasichana kisichokuwa na komeo kwenye milango miwili kati ya minne, na ndoo ya maji iliyokuwa tupu kufikia mapumziko ya saa nne. Wasichana wakubwa walikuwa wakishikiana mlango kwa zamu. Kwa hiyo usitegemee shule peke yake, hata ikiwa ni nzuri.

Binti awe na kijimfuko cha kitambaa ndani ya begi lake tangu sasa, kabla hajakihitaji: pedi 2, chupi 1 safi, kipande cha sabuni, na karatasi za gazeti za kufungia pedi iliyotumika mpaka ifike kwenye pipa, kwa sababu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na pedi ikitupwa chooni hukiziba. Afundishwe kubandika pedi kwenye chupi akiwa nyumbani, siku ambayo hana hofu. Nimeona mtoto aliyeibandika upande wa gundi mwilini, na lile lilikuwa kosa letu watu wazima. Ajue pia kwamba huibadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6 hata kama haijajaa, na kwa joto letu la Februari na Machi ni afadhali zaidi iwe saa 4.

Wewe baba, nenda ukamwone mwalimu wa darasa lake wa kike ana kwa ana. Huhitaji hotuba. Sema, "Mamake yuko safarini, binti ameanza kukua, naomba ajue kwamba anaweza kukujia." Sentensi hiyo moja imewaokoa watoto kadhaa niliowafundisha.

Mama_Likoni

Mimi ni mtu wa vitambaa, kwa sababu pedi za dukani kwa mabinti wawili na mimi mwenyewe ni mzigo. Vitambaa vya pamba si aibu wala si ushamba, ilimradi vifuliwe sawasawa. Kwanza visuuzwe kwa maji baridi, maana ya moto huigandisha damu, kisha sabuni, kisha vianikwe juani hadi vikauke kabisa. Kosa la hapa kwetu ni haya: twavianika chini ya leso, au nyuma ya kabati, au chini ya godoro, jua halivioni, unyevu wa bahari unabaki, na mwezi unaofuata mtoto ana muwasho. Vianikwe wazi. Kama wamwogopa jirani, tenga kamba upande wa ndani wa ua. Na mtungi mmoja wa lita 20 uwekwe akiba kwa ajili ya siku zake, kwa sababu mifereji hukauka bila kuaga, na maji ya kisima chenye chumvi hayatoi povu la maana.

Chakula pia. Hedhi hupunguza madini ya chuma mwilini, na sisi tuna mazoea ya kunywa chai papo hapo na mahamri na mbaazi, ilhali chai hulizuia tumbo lisichukue chuma kilicho kwenye mbaazi. Chai ingoje saa moja. Mbaazi kamulia ndimu, kwani ndimu husaidia chuma kuingia. Mchicha, dagaa, maini mara moja moja, havihitaji utajiri.

Nesi_Mstaafu

Nimerudi kwa jambo moja lililosahauliwa, nalo ni zito kuliko pedi. Mtoto akianza kuota matiti, mtaa hubadilisha macho. Utasikia hata watu wazuri wakisema, "Ashakuwa mtu mzima huyo." Hapana. Kwa sheria ya nchi hii, mtoto ni mtoto mpaka atimize miaka 18, na ubongo wake wa miaka 10 haukukua kwa sababu kifua kimekua. Aambiwe waziwazi kwamba mwili wake hauguswi na kondakta, na jirani, na mwalimu wala na jamaa, kwamba akiguswa hana kosa, na kwamba baba yake hatamgombeza akisema. Nambari 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto, haitozwi kitu. Aikariri kama anavyokariri jina lake.

Pia wewe mwenyewe, mwanangu, uliniuliza nini usifanye. Usimtanie kuhusu mwili wake mbele ya nduguze au wageni. Usiache kumkumbatia ghafla kana kwamba amekuwa mgeni, kwa maana wasichana wengi huona kwamba baba zao wamewakimbia mwaka ule ule wanaoanza kukua, na hawaambiwi sababu. Bisha hodi mlangoni. Akikasirika au akalia bila sababu, kaa karibu, usimhoji.

Baba_wa_Kisauni

Zimepita wiki tatu, na nimeona ni deni kuwaeleza nilikofikia.

Nilianza na mke wangu. Saa za Doha na za Mombasa ni zile zile, kwa hivyo tulikubaliana kwamba kila Alhamisi baada ya Isha simu ni ya mama na binti peke yao, mlango ukifungwa. Mama yangu alinuna siku mbili, kisha akaja na jina la somo: jirani yetu wa zamani, mwanamke wa makamo ambaye binti humpenda tayari, na ambaye hakai mbali.

Yangu nilimwambia mwenyewe. Nilimchukua jioni ya Jumapili hadi ufukweni Mama Ngina, tukanunua mihogo ya pilipili na ndimu, tukakaa tukitazama meli zikiingia Kilindini, na nikaona ni rahisi zaidi kusema sote tukitazama bahari kuliko kutazamana. Nilimwambia kwamba mwili wake umeanza safari, kwamba siku moja ataona doa la kahawia au damu, kwamba si ugonjwa, na kwamba ikimtokea mimi nikiwa peke yangu nyumbani, aniambie neno moja tu, "kijimfuko", nami nitaelewa. Sauti yangu ilitetemeka. Yeye akasema, "Najua kidogo, Baba, wasichana wa Gredi ya 6 huzungumza." Akanyamaza muda mrefu, akala muhogo mmoja, kisha akauliza, "Na Ramadhani nitakula wapi, wasinione?"

Mzee wangu wa Bondeni, swali hilo hakuwa na wa kumuuliza, na alilibeba peke yake sijui tangu lini. Nilimjibu kwamba atakula jikoni kwa bibi yake, na nduguze wataambiwa waache kuchungulia.

Pedi nilinunua mwenyewe dukani. Muuzaji alizifunga kwa gazeti tabaka tatu kana kwamba nimenunua bangi.

Nina swali la mwisho, na hili sikuthubutu kumuuliza mama. Anaona aibu kwa sababu ya kifua kuonekana chini ya sare, naye hataki tena kucheza mpira wa pete. Je, sidiria ni mapema mno?

Mama_Likoni

Mapema kidogo. Mnunulie fulana za ndani za pamba zinazoshika mwili bila kubana, nne au tano, nyeupe au za rangi ya ngozi yake ili zisionekane chini ya blauzi. Marikiti zipo. Nenda na huyo somo, wewe ungoje nje, na umwachie binti achague mwenyewe. Sidiria laini isiyo na waya ifuate atakapoiomba, na mpira wa pete atarudi wiki hiyo hiyo, utaona.